Helen Suzman alikaa miaka 13 peke yake bungeni. Kwa nini waliombana kaburu kutoka ndani wengi walikuwa Wayahudi?

#1 MtuWaKihonda

Wakuu, salaam.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi muashi. Mwishoni mwa miaka ya 70 alipata kibarua Mazimbu, hapa Morogoro, ANC walipokuwa wanajenga shule yao, ile Solomon Mahlangu ambayo leo ni kampasi ya SUA. Kuna kitu alikuwa hachoki kutusimulia. Kati ya wale wakimbizi walikuwamo wazungu, na saa ya chakula walipanga foleni ya ugali na maharage, sahani mkononi, kama mtu mwingine yeyote. Mzungu aliyekuwa anamjua yeye ni wa mashamba ya mkonge, anayepita na gari vumbi likakubakia wewe. Akamuuliza fundi mwenzake wa Kisauzi: hawa ni akina nani? Akajibiwa: hawa wengi ni Wayahudi. Baba akarudi nyumbani kachanganyikiwa, maana Wayahudi aliowajua ni wale anaosomewa kanisani.

Mimi nikakua na swali lake. Nilipoanza kusoma mambo ya Afrika Kusini nikakutana na Helen Suzman, mbunge wa Houghton, Johannesburg, kuanzia 1953 hadi 1989. Mwaka 1959 yeye na wenzake walijitoa chama cha United, chama kikuu cha upinzani cha wazungu, wakaanzisha Progressive. Uchaguzi wa 1961 ukawapiga wote, akabaki yeye tu, tena kwa kura 564. Kuanzia hapo hadi 1974 chama chake bungeni kilikuwa mtu mmoja. Mwaka 1963 ulipoletwa muswada wa kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka, United wakauunga mkono pamoja na serikali. Aliyesimama kupinga ni mwanamke yule mmoja, bunge zima likimtazama.

Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Lithuania. Nikiangalia orodha nawaona tena na tena: Sam Kahn, Ray Alexander, Harry Schwarz, Joe Slovo, Ben Turok. Jamii ile ilikuwa ndogo sana. Kwa nini wao? Nataka tujadili kwa heshima. Zile habari za njama za kuitawala dunia zisiletwe hapa.

#2 Kisu_Kikali

Uzi mzuri. Ila rekebisha kidogo: Sam Kahn na Ray Alexander usiwaweke kapu moja na Suzman. Suzman alichaguliwa na wazungu. Hao wawili walichaguliwa na Waafrika.

#3 Bwana_Shamba

@Kisu_Kikali Waafrika walipiga kura lini wakati wa kaburu? Mandela mwenyewe alipiga kura yake ya kwanza 1994. Acha kutuzuga.

#4 Kisu_Kikali

@Bwana_Shamba kaa nikuoneshe. Sheria ya 1936 iliwaondoa Waafrika wa Cape kwenye daftari la kawaida la wapiga kura, ikawapa daftari la pembeni: wachague wabunge watatu, na hao watatu lazima wawe wazungu. Nafasi hizo zilikuja kufutwa kabisa 1960. Kabla ya hapo Waafrika wa Cape Magharibi wakaamua kwamba kama ni lazima mzungu, basi tutawapelekea mzungu watakayemjutia. Wakamchagua Sam Kahn, wakili, Myahudi, mkomunisti. Serikali ikamfukuza bungeni 1952 kwa sheria ya kupiga vita ukomunisti. Wakamchagua Brian Bunting, mkomunisti mwingine (huyu si Myahudi). Akafukuzwa. Mwaka 1954 wakamchagua Ray Alexander, mama wa vyama vya wafanyakazi, mzaliwa wa Latvia. Huyo hata kiti hakukikalia. Polisi walimzuia asiingie bungeni.

Mara tatu mfululizo. Kwangu mimi hao wapiga kura ndio wanaostahili uzi.

#5 Bwana_Shamba

Hapo nimekaa kimya. Asante.

#6 Mwalimu_Kondo

Inanikumbusha kura tatu za Tanganyika 1958, ukiingia kituoni lazima umchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. TANU walibishana Tabora karibu wavunjike, mwishowe wakakubali kuingia, na waliowaunga mkono wakashinda kila rangi. Mnyonge akipewa mlango mbovu anautumia huo huo.

Turudi kwa mleta uzi. Mimi nafundisha historia sekondari, na jibu langu ni Lithuania. Wengi wa Wayahudi wa Afrika Kusini walitoka eneo lile moja, wakati wa utawala wa mfalme wa Urusi. Slovo, yule mkomunisti wa ANC, alizaliwa huko, kijiji cha Obeliai, 1926. Kule Vilnius ndiko kilikoanzishwa chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi, Bund, mwaka 1897. Walishaonja kuishi kwa vibali, kufungiwa kazi, kufukuzwa usiku. Mtu wa namna hiyo akiteremka Cape Town akamkuta Mwafrika anadaiwa pasi (kibali cha kutembea) barabarani, hahitaji kufundishwa.

#7 Hesabu_Kwanza

Mwalimu shikamoo, lakini hapo nakukatalia. Nadharia yako inawaeleza waliopinga, haiwaelezi walionyamaza. Mwaka 1970 Wayahudi kule walikuwa kama 118,000, asilimia 3 hivi ya wazungu. Wengi wao walikuwa wapiga kura wa United, watu wa maduka na ofisi, wanataka salama. Baraza lao kuu kwa miaka mingi lilisema kama jamii hatuna msimamo wa kisiasa, kila mtu na lake. Na mwendesha mashtaka wa kesi ya Rivonia, aliyemkaba Mandela mahakamani 1963 na 1964, ni Percy Yutar. Myahudi, na wazazi wake walitoka Lithuania hiyo hiyo.

Tunawahesabu mashujaa kisha tunauliza kwa nini wote ni mashujaa.

#8 Mwalimu_Kondo

Marahaba. Yutar nakubali. Lakini hata ukitoa walionyamaza, kati ya wazungu waliosimama Wayahudi ni wengi mno kuliko hiyo asilimia 3. Kesi ya Rivonia yenyewe hesabu wazungu waliokamatwa, kisha uniambie.

#9 Mkopabeti

Niko Kitwe, mzaliwa wa Tunduma. Nadharia ya Lithuania ina shimo kubwa huku Zambia, linaitwa Roy Welensky. Baba yake Myahudi aliyetoka upande huo wa Lithuania, mama yake Kaburu. Dereva wa treni, bondia wa uzito wa juu, akaingia baraza la kutunga sheria la Rhodesia ya Kaskazini 1938 kwa jimbo la Broken Hill, yaani Kabwe ya leo. Akapanda hadi kuwa waziri mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland kuanzia 1956 hadi lilipovunjika 1963. Huyo alitetea utawala wa wachache hadi dakika ya mwisho.

Sasa mweke pembeni yake Simon Zukas. Amezaliwa Ukmergė, Lithuania, 1925, akaja Rhodesia ya Kaskazini mtoto, 1938. Akajiunga na Waafrika kulipinga shirikisho lile lile. Wakoloni wakamkamata, wakamfukuza nchini 1952, akarudi uhuru ulipopatikana 1964. Baadaye akawa mbunge wa chama cha MMD na waziri. Mwaka 1996 chama chake kilipopitisha katiba inayosema anayegombea urais lazima baba na mama wawe Wazambia, kwa lengo la kumzuia Kaunda, Zukas alijiuzulu uwaziri. Angeweza kubaki na gari lake.

Asili moja, nchi moja, watu wawili tofauti kama mchana na usiku.

#10 Mama_Yeoville

Jambo kwenu. Mimi ni Mkongo wa Lubumbashi, naishi Johannesburg miaka kumi na sita. Hiyo habari ya baba na mama ya @Mkopabeti imenishtua. Kwetu iko vilevile! Moïse Katumbi baba yake alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, wale waliokuja Katanga kufanya biashara ya samaki na vitu vingine. Mama ni Mwafrika. Yeye mwenyewe Katumbi ni Mkatoliki, lakini 2006 alichaguliwa mbunge wa taifa, halafu 2007 akawa gavana wetu. Mwaka 2021 wakaleta muswada kwamba rais lazima azaliwe na baba Mkongo na mama Mkongo. Kila mtu Lubumbashi alijua kanzu hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani.

Houghton naijua. Nililea bibi mmoja huko miaka minne, Myahudi, mjane. Miti ya jakaranda, kuta ndefu, umeme juu ya ukuta. Jikoni alikuwa na kalenda ya sinagogi na redio ndogo. Siku moja nilimuuliza, ulimpigia kura Suzman? Akazima redio, akaniambia: "Mara ya kwanza hapana. Mume wangu alisema atatuletea matatizo. Mara ya pili sikumwambia mume wangu." Alisema hivyo na akashika meza kwa mikono miwili. Sijasahau.

#11 Kisu_Kikali

@Mama_Yeoville hii posti yako moja inazidi kurasa zangu zote. "Atatuletea matatizo." Hapo ndipo jibu lilipo. Hofu yao ilikuwa na sababu. Mwaka 1930 Malan, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alipitisha sheria ya mgao wa wahamiaji. Neno Myahudi halimo, lakini nchi zilizobanwa ndizo walikotoka Wayahudi. Mwaka 1937 ikaja nyingine ya kuwabana waliokuwa wanamkimbia Hitler. Chama cha National (chama cha makaburu) cha Transvaal kilikataza Wayahudi kuwa wanachama hadi 1951. Na Malan huyo huyo akawa waziri mkuu 1948. Jamii ikajifunza kuinamisha kichwa. Kwa hiyo ile miaka 13 Suzman hakuwa anawasemea Wayahudi. Wengi walitamani anyamaze.

#12 Hesabu_Kwanza

Asante. Ndicho nilichokuwa nasema.

#13 Mpemba_Ughaibuni

Niko Leicester. Wenzangu mmeruka historia ya kiapo, na bila kiapo hamtaelewa kwa nini bunge ni jambo zito kwao. Uingereza, mwaka 1847, Lionel de Rothschild alichaguliwa na jiji la London. Ili ukae lazima uape "kwa imani ya kweli ya Mkristo". Akakataa. Wapiga kura wakamrudisha tena na tena, mabwana wa nyumba ya juu wakiupiga chini kila muswada wa kubadili kiapo. Mwenzake David Salomons, mbunge wa Greenwich, 1851 aliyaruka maneno hayo, akakaa, akahutubia, akapiga kura. Akatozwa faini ya pauni 500. Rothschild aliingia Julai 1858, amevaa kofia kichwani, mkono juu ya Agano la Kale. Miaka kumi na moja ya kuchaguliwa bila kukaa!

Halafu 1938 mbunge mmoja alimwambia Emanuel Shinwell, Myahudi wa chama cha Labour, arudi Poland. Shinwell akavuka ukumbi akamnasa kofi.

#14 Bwana_Shamba

Kofi bungeni 😂 Huyo Shinwell angetufaa Dodoma. Na Disraeli je? Si alikuwa waziri mkuu?

#15 Mpemba_Ughaibuni

Disraeli baba yake alimbatiza akiwa na miaka 12, kwa hiyo kiapo kile kilimpita. Ndiyo maana aliingia bungeni 1837, Rothschild akiwa bado nje. Vivyo hivyo Saul Solomon, mtu mashuhuri wa bunge la Cape tangu 1854, ukoo wake wa Kiyahudi lakini Mkristo.

#16 Mwalimu_Kondo

Na pale Transvaal, jamhuri ya makaburu ya rais Kruger, asiye Mprotestanti hakuruhusiwa kukaa bungeni kabisa. Wakatoliki na Wayahudi wote nje.

#17 Mgishu_Original

Mbona Afrika Mashariki hamuitaji? Mimi ni wa Mbale, Uganda. Mwaka 2016 jimbo la Bungokho North lilimchagua Gershom Sizomu, rabi wa Abayudaya wa kilima cha Nabugoye. Mbunge wa kwanza Myahudi Uganda. Mweusi kama mimi, Mgishu kama mimi. Dini hiyo babu zake waliipokea kwa Semei Kakungulu, aliyejitahiri 1919 baada ya kusoma Biblia na kuona Waingereza hawaifuati. Amin alipiga marufuku ibada zao, watu wakasali vyumbani kwa kunong'ona. Jirani yetu alizika vitabu vyake chini ya banda la kuku.

Nilikuwa kwenye foleni siku ile ya kura. Waislamu, Waprotestanti, wote tumo. Hakuna aliyeuliza dini. Waliuliza barabara na kituo cha afya.

#18 Bwana_Shamba

Si ndiyo Uganda ile Wazungu walitaka kuwapa Wayahudi nchi?

#19 Mgishu_Original

Hapana bwana, hiyo kila mtu anakosea. Inaitwa mpango wa Uganda, lakini ardhi aliyoipendekeza Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, 1903 ni Uasin Gishu, Kenya ya leo, huko Eldoret. Mkutano wa Wazayuni wa Basel ukapiga kura 295 kwa 178 kutuma watu wakaikague. Mwaka 1905 wakaikataa. Na Abayudaya hawahusiani na mpango huo hata kidogo.

#20 Kijana_wa_Muttrah

Huku Ghuba pia wapo. Bahrain ina familia chache tu za Kiyahudi, na Houda Nonoo alikaa Baraza la Shura kabla ya kutumwa balozi Washington 2008. Iran nayo, tangu katiba ya 1906, ina kiti kimoja cha Wayahudi bungeni, na mapinduzi ya 1979 hayakukifuta. Lakini kiti cha kupewa na kiti cha kugombea havifanani ladha.

#21 Dada_Sheria

Nimesoma wote. Mnabishana asili ya watu, hamsemi kazi waliyoifanya. Mimi ni wakili, niruhusuni.

Kwanza mmemsahau Bertha Solomon, mbunge tangu 1938. Alipigania miaka na miaka hadi 1953 ikapita sheria iliyopunguza nguvu za mume juu ya mali na watoto wa mkewe. Mama wa watu wazima alikuwa kisheria kama mtoto wa mumewe.

Pili, Suzman alitumia kitu ambacho wabunge wetu wengi wanakidharau: swali la maandishi. Mamia na mamia. Wangapi wako kizuizini? Wangapi wamekamatwa kwa pasi mwaka huu? Wangapi wamenyongwa? Wangapi wamechapwa viboko? Waziri analazimika kujibu, na likishasemwa bungeni magazeti yanaruhusiwa kulichapa, hata kama nje ya ukumbi lingempeleka mhariri jela. Waziri mmoja alimlalamikia kwamba maswali yake yanaiaibisha nchi. Akamjibu kwamba yanayoaibisha ni majibu.

Na kisa cha Robben Island, 1967. Wafungwa wa vyumba vya mwanzo walimwambia asipoteze muda kwao, aende chumba cha mwisho kwa Mandela. Mandela akamwonesha, mkuu wa magereza akiwa amesimama hapo hapo, askari mmoja mwenye tatuu ya swastika mkononi, alivyokuwa anawatesa. Suzman akasema askari huyo asipoondolewa atalipeleka bungeni. Akahamishwa. Mwanamke wa Kiyahudi, miaka 22 tu baada ya Hitler, anaoneshwa mkono ule. Kila nikifika hapo naacha kusoma kwanza.

#22 Kisu_Kikali

Dada umemaliza. Niongeze: Septemba 1966 waziri mkuu Verwoerd alipochomwa kisu ndani ya ukumbi wa bunge, waziri P. W. Botha alimjia Suzman amemnyoshea kidole, akipiga kelele kwamba ni nyinyi waliberali mmefanya hivi. Akashinikizwa kuomba radhi, akaomba shingo upande. Siku za kawaida alizomewa arudi Moscow, mara arudi Israel. Yeye kazaliwa Germiston!

#23 Chaurembo

Mimi nitapinga, mniwie radhi. Suzman alipinga vikwazo vya uchumi. Watu wetu, nchi za mstari wa mbele, tulikuwa tunakula mkate wa yanga (mahindi ya njano) na kupanga foleni ya sabuni kwa sababu ya vita ile, naye anasema vikwazo vitawaumiza weusi. Chama chake pia kwa miaka mingi kilitaka kura ya mwenye elimu na mali kwanza. Na mfadhili wake mkubwa alikuwa Harry Oppenheimer, tajiri wa almasi na dhahabu, ambaye migodi yake iliishi kwa mshahara mdogo wa mtu mweusi. Waliokula ugali Mazimbu walikuwa watu wengine kabisa.

#24 Hesabu_Kwanza

Kweli kuhusu vikwazo na kura. Kuhusu Oppenheimer, kazaliwa Myahudi akawa Mwanglikana, mwenyewe alikuwa mbunge wa Kimberley 1948 hadi 1957. Basi na hiyo ni nadharia ya tatu: siyo Lithuania, siyo mateso, ni tabaka. Houghton ni jimbo la matajiri wanaozungumza Kiingereza, wasiohitaji kazi ya serikali. Kaburu wa reli asingeweza kumchagua Suzman, angepoteza kibarua. Mwaka 1989 alipostaafu kiti kile kile kikaenda kwa Tony Leon, naye Myahudi, aliyekuja kuwa kiongozi wa upinzani kuanzia 1999 hadi 2007, na siasa zake hazikuwa za Slovo hata chembe.

#25 Mwalimu_Kondo

Tabaka halimwelezi Slovo, alikulia kwenye umaskini, akaacha shule mapema. Halimwelezi Ray Alexander. @Chaurembo nakuunga mkono kwamba ni makundi mawili. Hapo Morogoro, mkutano wa ANC wa 1969, ndipo wasio Waafrika waliporuhusiwa uanachama kamili nje ya nchi. Slovo akaingia baraza la mapinduzi. Halmashauri kuu akaja kuingia 1985, mkutano wa Kabwe. Kabwe ya Welensky, @Mkopabeti!

#26 Mkopabeti

Mwalimu hiyo ya Kabwe sikuwa nimeiunganisha. Leo nitawasumbua nayo wote baa.

#27 Dada_Sheria

@Chaurembo hoja zako ni za kweli na nakuheshimu. Ila Winnie Mandela alipopelekwa uhamishoni Brandfort, aliyemfuata kumwona ni Suzman. Desemba 1996, Mandela alipotia saini katiba mpya pale Sharpeville, Suzman alikuwepo. Mtu aliyetoka kifungo cha miaka 27 alijua nani alimjia.

#28 Chaurembo

Nimeelewa dada. Ila foleni ya sabuni niliipanga mimi.

#29 Mama_Yeoville

Bibi yangu yule alinipa kitu kingine. Alisema utotoni baba yake alikuwa na duka karibu na mgodi, wateja wote weusi, na wazungu wengine waliwaita majina mabaya kwa kufanya biashara ile. "Hatukuwa wazungu wa kutosha," ndivyo alivyosema. Labda wengine walikimbilia kuwa wazungu wa kutosha, wengine wakakataa.

#30 MtuWaKihonda

Wakuu, nimechelewa kurudi, nilikwenda kwa mama Kihonda. Nimemsomea uzi wote. Posti ya @Mama_Yeoville kaniambia nirudie.

Kisha akanyanyuka akaniletea pimamaji ya baba. Nimeiona maisha yangu yote, sikujua ilikotoka. Kumbe aliachiwa na mmoja wa wale wazungu wa Mazimbu, msimamizi wa ujenzi, alipohamishiwa Lusaka. Ya mbao, pembeni ina shaba, na kwenye ubao kuna herufi mbili zimechongwa kwa kisu. Siyo za Kilatini. Mama alidhani ni za Kiarabu, akampelekea shehe wa mtaani, shehe akasema si zake.

Jina la huyo mtu hakuna anayelikumbuka.

#31 Mpemba_Ughaibuni

Weka picha, nina jirani hapa anayesoma Kiebrania.

#32 MtuWaKihonda

Umeme umekatika, simu iko asilimia 4. Kesho asubuhi.